Mama Kasusa, Mie Niko Melini

Siku ya nne ya safari niliamka kabla ya jua, nikakaa kitako kitandani na simu mkononi, nasubiri lile duara dogo limalize kuzunguka. Intaneti ya melini ina mambo yake. Ikitaka inakuja, ikinuna imenuna, na wewe uliye ghorofa ya tisa katikati ya bahari ya Karibea huna pa kwenda kugomba. Mume wangu alikuwa anakoroma. Ameendesha mabasi ya Landani mpaka akastaafu, na akilala, hata king'ora cha zimamoto hakimhusu.

Nilikuwa nasubiri habari za mama. Mama yangu ana miaka themanini na minne, anaishi nasi Lewisham, hapo hapo Landani, na kumbukumbu yake siku hizi inakwenda na kurudi. Binti yetu alipotukatia tiketi ya hiyo meli ya watalii, zawadi ya kutimiza miaka thelathini ya ndoa, neno la kwanza lililonitoka ni, "Na bibi yako je?" Binti mwenyewe ana kichanga huko Leicester, hawezi. Jamaa tunao mtaa wa Thornton Heath, wa kujaza ukumbi, lakini ningemwambia mmoja tu, basi kabla ya swala ya Isha Landani nzima ingejua kwamba nimemtupa mama yangu nimekwenda kuota jua na Wazungu. Nikanyamaza kimya. Nikatafuta mlezi wa kuja kukaa naye siku kumi, kulala humo humo.

Wala sikuokota mtu barabarani. Mie kazi yangu ni kufundisha walezi wa wazee, mwaka wa kumi na saba huu, na huyu nilimfundisha mwenyewe. Mwanamke wa makamo, mtaratibu, mzaliwa wa visiwa hivi hivi vya Karibea. Siku alipofika na begi lake alinitania mlangoni kwa Kiingereza chake cha kuvuta: "Mwalimu, wewe unakwenda kwetu, mimi nakuja kwenu." Kiswahili hana hata neno moja. Mama naye Kiingereza alikuwa nacho cha sokoni tu, na siku hizi nacho kimemtoka. Lakini nilijiambia, mlezi mzuri hahitaji maneno, anahitaji kufuata sheria.

Na katika darasa langu kuna sheria moja ninayoigongea meza: chakula cha mteja hakiliwi. Kikombe cha chai, sawa. Biskuti, akikushikilia sana, sawa. Lakini sahani yake usiiguse hata akulilie. Leo umeonja mchuzi, kesho familia inauliza nyama imekwenda wapi, keshokutwa huna kazi. Njoo na chako, kale chumbani kwako, mlango ufunge. Niliwahi kumpa barua ya onyo msichana aliyekutwa anakula biriani na mzee wa watu. Alilia mpaka nikaona haya, lakini barua sikuirudisha. Na mie mwenyewe, enzi zile nazunguka nyumba kwa nyumba kulea wazee, nilikuwa na bibi mmoja wa Kihindi huko Thornton Heath, mzaliwa wa Mombasa, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Kila mchana nikipanga vidonge vyake, yeye yuko jikoni anapika chapati, na kila mchana lazima anikaribishe. Sikumega hata kipande. Hadithi hiyo huwa naisimulia darasani kwa kujisifu.

Basi lile duara likaacha kuzunguka. Mlezi huandika kila mlo kwenye simu, kilicholiwa na kilichobaki; ofisi iliyomtuma inasoma, na mie nasoma popote nilipo. Siku ya kwanza ilikuwa imeandikwa: chai amekunywa, biskuti amekula, chakula amekataa, amesukuma sahani. Siku ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Na sasa, ya asubuhi ile: chai na biskuti moja, yai na mkate amekataa, amesukuma sahani. Chini yake kulikuwa na mstari mpya. Ofisi imesema kama hatakula mpaka chakula cha jioni, itabidi daktari aitwe, na huenda akapelekwa hospitali.

Loo! Hospitali tena! Mama alilazwa mwaka juzi kwa kifua, wiki mbili tu, na aliporudi alikuwa hajui chooni ni wapi katika nyumba aliyoishi miaka na miaka. Kuna kipande cha mama yangu kilibaki wodini kule na hakijarudi mpaka leo. Akiingia tena, nitaletewa mtu mwingine, anayefanana naye, hanijui. Hilo nilikuwa na uhakika nalo.

Nikamtikisa mume wangu. "Amka. Mama hajala."

"Tangu lini?"

"Tangu tuondoke. Biskuti tu."

"Ah, kasusa huyo," akasema, macho bado yamefumba. "Kwani wewe kichwa kigumu chako ulikitoa wapi? Atakula akichoka."

Kasusa. Nami ndivyo nilivyokuwa nimeshaamua moyoni. Watu wa kwetu wakikasirika hawapigi kelele. Wanakiacha chakula chako kipoe mbele ya macho yako, ukione, kikuume. Nilipomuaga mama pale ukumbini alisema, "Haya, nendeni," bila kuinua uso. Na mie nikajifanya sikuona, kwa sababu teksi ilikuwa nje. Chakula cha siku kumi chote nilikipika mwenyewe kwa mikono hii: wali, samaki wa nazi, mbaazi, ndizi mbichi kwa nyama. Nikavigandisha kwenye vikopo, kila kikopo mlo wa mtu mmoja, nimepima kwa kikombe, nimeandika juu yake siku na saa. Chakula ninacho, mlezi ninaye, na bado mama yangu ana njaa. Kanisusia mie.

Tulikwenda kula asubuhi, maana mume wangu hawezi kukosa. Subhanallah, chakula cha meli ile! Mezani kulikuwa na matikiti yaliyochongwa kama maua, samaki wa moshi, mayai ya kila namna, na mtu mzima na kofia ndefu anakukaangia unachotaka mbele yako. Mie nilichukua kipande cha mkate nikakizungusha kwenye sahani. Nikaenda dirishani, nikarudi. Nikaenda kwenye ngazi kutafuta mtandao, nikarudi. Bibi mmoja meza ya pili akaniuliza kama nimepoteza kitu.

"Kaa basi," mume wangu alisema. "Unanitia kizunguzungu, na bahari yenyewe imetulia."

"Narudi Landani leo."

Akaweka uma chini. "Kwa kuogelea?"

"Kisiwa tunachofika leo kina uwanja wa ndege. Tukishuka tu, nakata tiketi."

"Ufike keshokutwa. Yeye daktari anaitwa leo jioni." Hapo akanitazama vizuri, na utani ukamtoka. "Piga simu kwanza, mke wangu. Zungumza naye. Wewe unawasikiliza wazee wa watu wote, mzee wako unamsoma kwenye karatasi."

Ilinichoma, kwa sababu ilikuwa kweli. Tangu tuondoke sikuwa nimempigia mama hata mara moja. Nilimwogopa. Niliogopa aniambie kwa mdomo wake alichokuwa akiniambia kwa sahani.

Meli ilitia nanga saa tatu asubuhi. Tulipanga foleni ya kushuka, kila mtu anapitisha kadi yake pale mashine inapolia, na jua la kule likatupokea usoni. Jioni ya Landani, saa kumi na mbili anapokula mama, ni saa nane mchana kisiwani, na sote tulitakiwa tuwe tumerudi melini saa kumi. Nilikuwa na saa tano za kumpata mama kabla sahani ya mwisho haijawekwa mbele yake. Kundi letu lilikuwa linapelekwa ufukweni kwa mabasi madogo. Mwenye kuongoza alituita, nikampungia mkono, nikapita.

Laini yangu ya Landani ilikataa katakata kushika mtandao wa kisiwa. Tukatafuta intaneti. Kwenye duka la kwanza la pale bandarini ilikuwapo, lakini imejaa watu wa meli, haisogei. La pili mwenyewe alisema imeharibika tangu juzi. Kwenye hoteli moja nilipata kusoma ripoti ya mchana tu, kabla haijakatika: chai amekunywa, wali na samaki amekataa, amesukuma sahani. Saa zilikuwa zinakwenda. Tukapanda kilima kwa miguu, mie mbele, mume wangu nyuma na kofia yake ya majani, anahema na kuniuliza kama nimesahau kwamba goti lake moja si lake, ni la hospitali. Watu wakituuliza kama tunataka teksi, mie siitikii. Nilikuwa na hasira na kila kitu, hata na bahari kwa kuwa nzuri.

Saa saba imeshapita tulipofika kwenye nyumba moja ya mbao, barazani mwanamke mnene anauza soda na maji, na ukutani kibao kinasema intaneti bure kwa mteja. Tukanunua soda. Mashine yake ya intaneti ilikuwa imezimika, akaiwasha, akatuambia tuisubiri kidogo, inachelewa kuamka. Nikaketi kwenye benchi. Mume wangu, ambaye hata kaburini atapata wa kuzungumza naye, alikuwa keshajua kwamba kaka wa yule mwanamke anaendesha basi Landani, tena njia ile ile ya Lewisham aliyoiendesha yeye. Ikawa shangwe. Wakataja vituo, wakataja ile taa ya barabarani isiyobadilika kamwe. Mwanamke akaingia ndani, akatoka na sahani moja kubwa, akaiweka mbele yetu na uma mbili. Shelisheli la kuchoma na samaki wa kukaanga. Shelisheli! Sikuwa nimeliona tunda hilo tangu nilipokwenda Unguja mara ya mwisho.

"Kuleni," akasema. "Si biashara hii. Ni chakula changu cha mchana."

Akaegemea nguzo, mikono kifuani, akawa anatutazama. Harufu ilikuwa inaniita kwa jina langu, na toka asubuhi sijatia kitu tumboni. Lakini mkono haukwenda.

"Kula basi," mume wangu akaninong'oneza. "Unasubiri nini?"

"Namsubiri yeye. Chakula chake mwenyewe, kasimama anatuangalia, mie nianze kutafuna?"

"Nitakula baadaye," mwanamke akasema.

"Hapana, karibu, kaa nasi," nikamwambia, na nikaisogeza sahani upande wake. Akacheka, akairudisha. Nikaisogeza tena.

Hapo mkono ukanigandia kwenye ukingo wa sahani. Amesukuma sahani. Siku nne nasoma amesukuma sahani. Hakuna palipoandikwa ameisukumia wapi.

"Ya Rabi," nikasema kwa sauti. Mume wangu alidhani nimeng'atwa na nyuki.

Mashine ikaamka saa nane kasoro dakika chache. Mlezi alipokea mara moja, uso wake umechoka, nyuma yake jiko langu na birika langu.

"Mwalimu, nimejaribu kila kitu," akasema. "Nampashia moto, nakaa naye pale pale, simwachi peke yake."

"Sahani anaisukumia wapi?"

Akafikiri. "Kwangu."

"Na wewe unafanya nini?"

"Namrudishia."

"Halafu?"

"Halafu anaisukuma tena. Mpaka kinapoa." Akanitazama. "Wewe ndiye uliyetufundisha, mwalimu."

"Na chai? Chai unakunywa naye?"

"Chai inaruhusiwa. Na biskuti moja."

Nikamwambia anipe mama. Simu ikapitia ukumbini, nikaona pazia, nikaona kapeti, kisha uso wa mama ukajaa kioo chote. Mashavu yalikuwa yamemshuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uko wapi wewe?"

"Safarini, mama. Mama, nisamehe. Najua umenikasirikia, umesusa chakula changu kwa vile nimeondoka..."

"Nikususie wewe, una nini cha kususiwa?" Sauti ilikuwa kavu, lakini macho yalikuwa makali, macho yake mwenyewe. "Nenda katembee huko. Mie nakuuliza wewe, adabu yako umeiweka wapi? Umeniletea mgeni. Kaja na begi lake, analala humu ndani. Siku zote hizi mtu wa watu hajatia tonge kinywani! Namkaribisha, hataki. Namsogezea, anarudisha. Kisha anakaa hapo ananitumbulia macho, ati nile mie peke yangu! Mie nimeanza uchoyo lini?"

"Mama..."

"Na sahani yenyewe anaweka moja. Moja! Watu wawili ndani ya nyumba, sahani moja ya chakula. Nani kampimia? Wewe?"

"Mimi, mama."

"Ndivyo nilivyokulea?"

Mume wangu alikuwa amegeuka upande, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Nikamwita mlezi tena.

"Fungua friji, toa kikopo cha pili," nikamwambia. "Pasha vyote viwili. Weka sahani mbili. Kaa mezani, ule naye."

"Lazima niandike nilichofanya. Ofisi wanasoma."

"Andika. Andika kwamba mie nimekwambia."

"Ulimpa mtu onyo kwa jambo hili. Sote tunajua."

"Najua nilichofanya. Nakuomba. Kama mwalimu ukikataa, basi kama mtoto wa huyu mama."

Tulisubiri. Yule mwanamke wa baraza alikuwa ameketi sasa, bila kualikwa tena, anasikiliza kama redio. Simu ilisimamishwa Lewisham kwenye chupa ya maji, nikaiona meza: wali, samaki wa nazi, sahani mbili. Mama hakugusa. Mlezi akachukua kijiko, akachota kidogo, akatia mdomoni. Mama alimtazama mpaka akameza.

"Muulize, chumvi imekolea?"

Nikamuuliza. Mlezi akasema chumvi ipo, ila kwao wangetia pilipili zaidi. Nikamfasiria mama.

"Alaa!" Mama akanyooka kitini. "Kumbe mtu wa kula huyu. Mwambie achari ya ndimu iko kabati la juu, amenyamaza na mdomo wake muda wote huu." Kisha akavuta sahani yake karibu, akasema Bismillahi, akala. Akala kijiko cha pili. Cha tatu hakikuhesabiwa na mtu. Nilikuwa nalia barazani kwa watu, na yule mwanamke akanisogezea sahani, akachukua uma wangu, akauma kipande cha samaki mwenyewe, akanirudishia uma.

"Sasa kula," akasema.

Tulikula lile shelisheli mpaka ganda. Tulipoangalia saa, ilikuwa tisa na nusu. Tukashuka kile kilima mbio, mume wangu na goti lake, anapiga kelele njia nzima: "Maisha yangu yote nimewaacha watu kituoni, leo basi linaniacha mimi!" Tulipitisha kadi zetu pale ngazini saa kumi kasoro dakika mbili, na kijana wa mlangoni akatupigia makofi.

Jioni ile tulikaa kwenye meza ya watu wawili kando ya dirisha. Mume wangu aliagiza kila kitu kilichoandikwa. Intaneti ikawa na huruma, ripoti ikaja: chakula cha jioni, amekula chote na ameomba kuongezwa, nimekula naye kwa ruhusa ya mwalimu. Daktari hakuitwa. Nilimsomea mume wangu, akasema alhamdulillahi, akasema sasa tutakula kwa raha zetu.

Nilidhani ningetulia. Nikasimama, nikaenda mpaka kwenye ukingo wa meli, nikarudi. Nikakaa. Nikasimama tena.

"Nini tena? Mama kala."

Nilikuwa namfikiria yule bibi wa Thornton Heath. Sehemu moja ya hadithi yake huwa siisemi darasani. Nikimaliza kupanga vidonge, nikishamwambia asante, sheria hairuhusu, nilikuwa nakaa mezani kwake naandika, na yeye amekaa upande wa pili, mikono mapajani. Nikiondoka chakula kiko pale pale. Kwa hiyo kila siku niliandika maneno hayo hayo: hana hamu ya kula. Ofisi ikasoma, daktari akasoma, wanawe wakasoma. Wakampeleka kwenye nyumba ya wazee, na huko hakuumaliza msimu wa baridi. Na mie nilikuwa nikizungumza naye Kiswahili, wala sikumuuliza.

"Unaangalia nini?" mume wangu aliniuliza.

Nikamwambia chapati zilikuwa mbili. Kila siku alipika mbili.